Wa Mchuzi au wa Mto

Mume wangu alikamatwa kwa ajili ya mdudu ambaye hata hakuwa akimtafuta. Nikisema hivi watu hucheka, nami huwaacha wacheke, kwa sababu mambo yaliisha vizuri na kicheko hakidhuru tena. Lakini siku ile mimi sikucheka. Nilikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limeshatangulia mbele, na nilijua vizuri kwamba mtu akishapandishwa lori katika Nairobi ile, wenzake hukaa wakimngoja mpaka wachoke.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Emajensi, serikali ya Wazungu ikipigana na watu wa msituni. Tulikaa Kilimani, na usifikirie hii ya maghorofa. Ile ilikuwa ya nyumba za mawe zilizokaa mbalimbali, kila moja na ua wa michongoma na mbwa wake. Sisi tulikaa nyuma, kwenye kota ya watumishi, chumba kimoja na jiko la nje. Mume wangu alikuwa mpishi. Nami nilimwita Mpishi hata mbele za watu, kumchokoza tu, maana kule kota aliyepika ni mimi.

Sote wawili tulitoka Maragoli, lakini Kiswahili chetu hakikutoka mahali pamoja. Mimi changu nilikipata darasani, shule ya misheni, kwa kuimba maneno ubaoni. Yeye alikwenda Mombasa bado kijana, akaingia jikoni kumsaidia mpishi mmoja Mswahili, na humo humo jikoni akapata upishi na lugha kwa mkupuo. Basi kila neno lake lilinukia vitunguu. Akikuambia habari za Mombasa hakuelezi bahari wala nini, anakueleza samaki alikatwa vipi.

Memsahibu wetu alikuwa mjane, mrefu, mzee kidogo, anavaa viatu vya kiume na kofia iliyotoboka. Wazungu wengine pale walicheza gofu. Huyu wetu alichora wadudu. Chini ya bustani yake kilipita kijito, Kirichwa Ndogo, na hapo alikuwa na kigoda chake, akikaa asubuhi nzima akimwangalia mdudu mmoja asiyefika urefu wa kidole. Mwanzoni nilidhani amerukwa na akili, Mungu anisamehe.

Mimi nilikuwa nikishuka pale kufua, basi tukazoeana. Siku moja akaniita kwa kile Kiswahili chao. "Kuja. Nyamaza. Angalia hii." Nikaangalia. Juu ya jani la tete ametua kereng'ende mwembamba kabisa, mweusi, na pete ya buluu karibu na ncha ya mkia. Nikamwambia, "Huyu namjua, memsahibu. Hata kwetu wako, wamejaa mtoni." Akafurahi huyo! Akashika mkono wangu wenye sabuni kama nimempa zawadi.

Tangu hapo nikawa mwanafunzi wake bila kupenda. Alinionyesha kwamba kereng'ende wakubwa, wale wanaopita kwa kishindo, wakitua huacha mabawa yametandazwa, lakini huyu mwembamba huyafunga juu ya mgongo, nadhifu, kama mtu anayefunga kitabu cha nyimbo. Jua likitoka wote wako kazini, wingu likipita wanatulia ghafla na unadhani wamekwisha. Hawapendi kwenda mbali na maji. Wanataka maji yanayotembea, na majani ya kushikilia. Memsahibu aliwafuata kwa gari lake mpaka juu kule Kinoo ambako vijito bado ni vyembamba, akawakuta, na akawafuata kwenda chini mpaka mjini, ambako mto wa Nairobi unapita nyuma ya maduka na karakana. Huko mwisho alikosa hata mmoja, maji yalikuwa yameharibika. Alirudi amenuna siku nzima.

Na watoto wao, jamani! Mtoto wa kereng'ende hana mabawa, anaishi ndani ya maji, mbaya wa sura, ana vitu vitatu kama majani mkiani na mdomo unaochomoka kunyakua watoto wa mbu. Memsahibu alikuwa nao kwenye beseni barazani. Wakifika wakati wao hupanda jani, ngozi inapasuka mgongoni, na mdudu mwenye mabawa anatoka taratibu na kuacha ganda pale pale. Nilishuhudia kwa macho yangu, nguo zangu zikibaki zimelowa kwenye karai.

Sasa kisa chenyewe. Memsahibu aliteguka mguu kwenye ngazi za baraza. Kushuka mtoni hawezi, na picha yake imebaki nusu, anataka wadudu wawili walio hai awaweke mbele yake. Mimi siku hiyo nilikuwa nimelala, mgongo unaniuma. Basi akamwita mume wangu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kushuka pale kijitoni, na akafungua kamusi yake kutafuta neno ili asikosee. Maagizo yenyewe mume wangu alinisimulia baadaye, neno kwa neno.

"Mpishi, mimi taka kereng'ende. Mbili. Moja bwana, moja bibi. Hapana ua. Lete hai. Bawa hapana vunja, mguu hapana vunja. Iko karibu na mto."

"Ndiyo, memsahibu."

"Weka ndani ya hii," akampa kisanduku cha wavu. Mume wangu akakiangalia kile kisanduku, akakiona kidogo mno, akakiacha jikoni kwa heshima. Akaja kota kuchukua kikapu cha kuku.

Mimi nikamwuliza, "Unakwenda wapi na kikapu?"

"Memsahibu anataka kereng'ende. Dume na jike, wazima."

"Na si wako hapo chini tele?"

"Hapo chini hakuna hata mmoja. Walimalizwa na mbwa."

Nikasonya. Mbwa gani anakula kereng'ende? Nikadhani Mpishi ameamua kupitia kwa wenzake kule barabara ya Ngong wapige soga, na amenipa sababu ya kitoto kwa kuwa nimelala. Nikamwambia, "Haya, nenda, ukirudi niletee ndizi." Ndiyo maneno niliyomwambia. Akaenda na kikapu chake.

Jioni ikafika, hajarudi. Saa ya kafyu ikafika, hajarudi. Nilipika ugali, ukapoa. Nikajiambia amelala kwa wenzake kwa kuogopa askari, maana ukikutwa barabarani usiku hakuna mazungumzo. Nikajiambia hivyo mpaka alfajiri. Lakini kwenye ukuta wa nyumba ya jirani kulikuwa na jembe limeegemea. Mwenye jembe lile alikuwa mtunza bustani, mtu mpole, Mkikuyu. Alipandishwa lori asubuhi moja na hakuna aliyegusa jembe lake tangu hapo. Usiku kucha mimi nilikuwa naliona jembe lile tu.

Asubuhi akaja mchuuzi wa maziwa na habari. Alimwona Mpishi jana alasiri, ukingoni mwa msitu wa Ngong, karibu na pale panapoitwa Jamhuri siku hizi. Askari walikuwa wamemkalisha chini mikono kichwani. Kisha lori.

Sijui nilifikaje barazani. Nakumbuka memsahibu alikuwa na kikombe cha chai, na mimi nilipiga magoti nikashika mguu wake, ule ule ulioteguka, mpaka akapiga kelele. Nilipomweleza, akaiacha chai. Akachukua fimbo, akachukua picha yake ya kereng'ende iliyobaki nusu, akasema, "Ingia kwa gari." Alikanyaga mafuta kwa mguu mbovu, anauma meno njia nzima.

Kituoni waliniweka kwenye benchi nje ya mlango. Mlango ulikuwa wazi, nikaona kila kitu. Juu ya meza kulikuwa na kikapu chetu cha kuku, mzingo wa waya mwembamba, na rundo la mahindi makavu. Nyuma ya meza alikaa afisa Mzungu, kijana mwekundu wa jua. Kando yake askari mmoja wa bara kama sisi, ndiye mkalimani. Wakamleta mume wangu. Hakuwa amepigwa, ashukuriwe Mungu, ila mkanda walikuwa wamemvua na alishika suruali kwa mkono mmoja. Aliponiona akainamisha macho kwa aibu.

Shida yao ilikuwa hii, na nikisema kweli, hata mimi ningeshangaa. Mtu amekutwa ukingoni mwa msitu na mahindi mifukoni na waya mkononi. Wakati ule mahindi yalikuwa chakula cha watu walio msituni, na waya ulikuwa kitu cha kutengenezea bunduki. Karatasi zake ziko sawa, lakini karatasi hazielezi mahindi. Wakamwuliza unafanya nini huku, akajibu, "Natafuta kereng'ende wa memsahibu." Mkalimani akamwambia afisa ni mdudu. Afisa akauliza, mtu anamkamata mdudu kwa mahindi na waya? Tangu hapo kila alichosema kilikuwa uongo.

Memsahibu akaeleza kwa Kiingereza, kwa haraka, akigonga fimbo. Nilielewa kidogo tu, lakini nilielewa kwamba anamtetea. Akafungua picha yake juu ya meza. Nikashusha pumzi. Nikajua yamekwisha: huyu kereng'ende hapa, na aliyemtuma ndiye huyu.

Afisa akamgeuzia mume wangu ile picha. Mkalimani akauliza, "Huyu ndiye uliyetumwa kumtafuta?"

Mume wangu akaitazama picha vizuri. Akamtazama memsahibu. Akasema, "Hapana, afande. Si huyu."

Lahaula! Ningekuwa karibu ningemziba mdomo. Lakini ndivyo alivyo, hasemi uongo hata ukimlipa, na mara nyingi hilo ndilo lililotuponza. Afisa akaifunga picha, akamrudishia mwenyewe kwa adabu, akaashiria askari wamwondoe mume wangu. Nje lori lilikuwa linanguruma tayari. Tumboni mtoto akageuka. Nikafikiri, huyu mtoto atazaliwa aulize baba yuko wapi, nami nitamwambia nini? Baba yako aliitazama picha akasema si huyu?

Si huyu. Basi ni yupi? Kwani wako wangapi?

Hapo hapo nikakumbuka. "Mbwa!" nikasema kwa sauti.

Wote wakageuka. Nikainuka nikaingia bila kuitwa, tumbo mbele, na askari wa mlangoni hakujua amshike wapi mwanamke mwenye tumbo kama lile. "Walimalizwa na mbwa! Mpishi, hebu nijibu. Kereng'ende wako ana manyoya?"

Mume wangu akaniangalia kama nimechanganyikiwa. "Sasa wewe umemwona wapi kereng'ende asiye na manyoya?"

"Analiwa?"

"Mama, nimekuambia mara ngapi? Kwa tui zito la nazi na ndimu kidogo. Mombasa wazungu walikuwa wakiwapiga risasi wanatuletea jikoni. Ana miguu myekundu, ukubwa wake kama mtetea mchanga, na…"

"Huyo ni kwale!"

"Kwale ni kwale, na huyu ni kereng'ende!" Akakasirika kweli, mkono umeshika suruali, lori linamngoja, naye anabishana nami habari za ndege.

Mkalimani akaanza kunifukuza. Nikamwambia sitoki hata unibebe, na kama unataka nizae hapa mezani, nitazaa hapa mezani. Nilipiga kelele, sikatai. Kelele zangu ndizo zilizomleta sajini kutoka chumba cha nyuma, mtu wa makamo, kikombe cha chai mkononi. Akasema, "Kulikoni tena huku?" na kwa namna alivyosema tu, nikajua huyu ni mtu wa Pwani. Nikamrukia kabla mwingine hajafungua mdomo.

"Shikamoo, baba. Nakuuliza jambo moja tu. Kwenu, kereng'ende ni nini?"

"Marahaba." Akapuliza chai. "Kereng'ende yupi, mwanangu? Wa maji au wa manyoya?"

Jamani! Nikakaa chini sakafuni pale pale.

Sajini akaweka kikombe, akasikiliza upande huu, akasikiliza upande ule, akaitazama picha, akayatazama mahindi. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua kofia. "Kwetu wote wawili ni kereng'ende," akasema. "Mmoja anaruka mtoni, mmoja anakimbia vichakani. Bibi alitaka wa maji, na huyu mpishi, mpishi ajue wa maji kwa kazi gani?" Akamweleza afisa kwa Kiingereza chake cha kazi. Memsahibu akajipiga kofi kwenye paji la uso. Yaani kamusi yake ilikuwa na maana zote mbili, naye alisoma ile ya kwanza akafunga.

Afisa hakucheka. Akamsukumia mume wangu ule waya, akasema neno. Mkalimani akatafsiri, sasa kwa upole, "Onyesha."

Mume wangu akaniomba nimshikie suruali. Nikasimama nyuma yake nikaishika kwa mikono yangu miwili, mbele ya serikali nzima. Akapiga magoti, akaufunga waya kwenye mguu wa meza, akafanya kitanzi, akapanga punje za mahindi kuelekea kwenye kitanzi, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu kama anapamba sahani. Akasema, "Anakula hapa, anakula hapa, akifika hapa…" Afisa akainama akaingiza vidole viwili. Kitanzi kikamkamata. Akavuta, kikakaza. Akaviangalia vidole vyake kwa muda, halafu kwa mara ya kwanza nikaona meno yake.

Wakamrudishia mkanda. Mahindi pia walimrudishia, sajini mwenyewe aliyakusanya. Nje, lori likaondoka na watu wengine. Sikuweza kulitazama, na furaha yangu yote sikuweza kuificha. Huzuni na furaha zilikuwa ndani yangu pamoja, na hadi leo sijui zilikaaje.

Tulipopita kona tu, memsahibu akasimamisha gari kando ya barabara akacheka hadi machozi. Nami nikacheka, kisha nikalia, kisha sikujua ninafanya nini. Mpishi peke yake alikuwa amenuna. "Mdudu!" akasema. "Nimelala sakafuni na kunguni kwa ajili ya mdudu!" Nilikuwa nyuma yake, nimeshika ukosi wa shati lake kwa vidole, na sikuuachia mpaka tukaingia getini.

Kwa juma zima hakutaka kusikia neno lile. Halafu siku moja memsahibu, mguu umepona, akatuita sote wawili kule chini. "Kuja. Nyamaza." Jua lilikuwa limetoka, kereng'ende tele juu ya maji. Dume amemshika jike nyuma ya shingo kwa ncha ya mkia, wanaruka wameungana hivyo hivyo, wakatua kwenye jani lililolala majini. Jike akaanza kushuka kinyumenyume ndani ya maji, apate kutaga mayai kwenye shina. Maji yakamfika mabawa, yakamfunika, lakini dume hakuachia. Akabaki juu, amesimama wima, amemshika mwenzake aliyezama. Tukangoja. Mpishi alikuwa amekunja mikono, nikamwona anaikunjua polepole.

Jike akatoka. Wakaruka pamoja.

"Alaa," mume wangu akasema. Akakaa kwenye kigoda cha memsahibu bila ruhusa, na siku ile chakula cha mchana kilichelewa.

Kuanzia hapo ikawa desturi ya nyumba yetu. Akitoka tu, kwenda sokoni, kwenda kazini, kwenda kanisani, mimi humwuliza, "Wa mchuzi au wa mto?" Akijibu wa mchuzi, najua ana shughuli yake, atarudi na kitu mkononi. Akijibu wa mto, najua anakwenda kukaa tu mahali atulize roho. Watoto wetu walikua wakisikia hivyo wakadhani kila nyumba husema hivyo.

Sasa tumezeeka. Mtoto wetu wa kwanza, yule yule wa kituoni, ametutafutia nyumba Kilimani hii hii, na kijito bado kinapita nyuma ya ukuta, kimekuwa chembamba na kina mifuko ya plastiki. Lakini sehemu moja, penye matete, kereng'ende wachache wamebaki. Asubuhi ya leo mzee alichukua fimbo yake. Nikamwuliza. Akasema, "Wa mto, mama."

Amekawia kidogo. Chai niliifunika, nikaketi niandike haya ili nisiende kumchungulia dirishani kama mjinga. Geti limelia. Ni yeye, amerudi.